Vitafunio vya mbwa vya kutengenezwa nyumbani

Vitafunio vya mbwa ni vipande vidogo vya chakula anavyopewa mbwa nje ya mlo wake: kumtuza anapofunzwa, kumwita arudi bandani, kumfichia kidonge cha minyoo, au kumfurahisha tu. Vile vya kutengenezwa nyumbani hupikwa au kukaushwa na mwenye mbwa mwenyewe kwa nyama, samaki, nafaka, mizizi na matunda, bila chumvi, sukari wala viungo vya mchuzi. Katika Afrika Mashariki malighafi yake hupatikana karibu kila soko, na baadhi ni vitu ambavyo wanunuzi wengi huvipita: mapafu, bandama, miguu ya kuku, dagaa waliovunjikavunjika. Uzuri wa kitafunio hutegemea udogo wa kipande na vitu vilivyoachwa nje kuliko wingi wa vitu vilivyotiwa ndani. Vitabu vya mapishi ya mbwa, vyenye picha za keki zilizopambwa kwa rangi, husahau jambo hilo mara nyingi.

Historia

Kumpikia mbwa kumetangulia viwanda kwa karne nyingi. Columella, Mrumi aliyeandika juu ya kilimo katika karne ya 1, aliwashauri wenye mashamba wawape mbwa wao unga wa shayiri uliochanganywa na maji ya maziwa yanayobaki jibini ikishatengenezwa. Biskuti ya mbwa kama bidhaa ya dukani ilianza London yapata mwaka 1860, Mmarekani James Spratt alipoanza kuuza keki ngumu za ngano, mboga na nyama iliyokaushwa. Husimuliwa kwamba wazo hilo lilimjia bandarini, alipoona mbwa wakigombania biskuti kavu za mabaharia. Charles Cruft, aliyeingia kwenye kampuni ya Spratt akiwa kijana, ndiye aliyeanzisha mwaka 1891 maonyesho ya mbwa yanayobeba jina lake hadi leo. Huko New York kampuni ya F. H. Bennett ilitoa mwaka 1908 biskuti yenye umbo la mfupa, iliyokuja kujulikana kwa jina la Milk-Bone.

Afrika Mashariki ilifuata njia yake. Mlo wa mbwa wengi wa ulinzi, kuanzia Mombasa hadi Mwanza, ni ugali kwa dagaa au kwa supu ya mifupa. Katika kaya zenye mbwa hao kitafunio kama kitu cha pekee hakikuwapo. Mbwa alirushiwa ukoko au mfupa, basi. Desturi ya kumtuza kwa kipande maalumu imekuja pamoja na mbwa wa kufunzwa, na pamoja na wenye mbwa wa mijini wanaoishi nao ndani ya nyumba.

Hamu ya kujipikia ilizidi duniani baada ya mwaka 2007. Mwaka huo mamilioni ya makopo na mifuko ya chakula cha wanyama iliondolewa madukani Amerika ya Kaskazini kwa sababu ya melamini, kemikali iliyochanganywa kwenye unga wa protini kutoka China. Mwaka huohuo Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilianza kuonya juu ya vipande vya nyama kavu ya kuku vilivyoingizwa kutoka nchi hiyo. Hadi mwaka 2014 mamlaka hiyo ilikuwa imepokea taarifa za vifo vya mbwa zaidi ya 1,000 vilivyohusishwa na vipande hivyo, na chanzo chenyewe hakikuthibitishwa. Nyama kavu ya kuku ni kitafunio ambacho mtu anaweza kukitengeneza jikoni kwake kwa kisu na jiko tu, kwa hiyo si ajabu kwamba wengi waliamua hivyo.

Nyama na wanga

Wapo wanaoshikilia kwamba mbwa ni mbwamwitu aliyefugwa, na kwamba nafaka haimfai. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, ulionyesha vingine. Jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kongosho cha kuvunja wanga, ambayo mbwamwitu anayo nakala 2 tu, mbwa wengi wanayo kwa nakala nyingi zaidi, wengine hadi 30. Mbwa amebadilika kwa kula mabaki ya watu waliolima. Wanga unamfaa ukiwa umepikwa. Mbichi humpita tumboni bila kusagika vizuri na kumletea gesi. Hiyo ndiyo sababu kiazi kitamu kilichochemshwa kabla ya kukaushwa ni bora kwake kuliko kilichokaushwa kikiwa kibichi. Wasukuma wana namna zote mbili kwa chakula chao wenyewe: michembe, iliyokatwa na kuanikwa mbichi, na matobolwa, yaliyochemshwa kwanza. Anayetaka kumwekea mbwa akiba ya viazi na aige matobolwa.

Kiasi

Madaktari wa mifugo hushauri kwamba vitafunio visizidi asilimia 10 ya nguvu inayohitajiwa na mbwa kwa siku. Mbwa mzima wa kilo 10, aliyehasiwa na asiyefanya kazi nzito, huhitaji takriban kilokalori 630. Sehemu yake ya vitafunio basi ni kama 63. Kijiko kimoja kikubwa cha siagi ya karanga kina karibu 95. Kwa maneno mengine, kijiko kile ambacho mtoto wa nyumba humlambisha mbwa kwa mapenzi kimekwisha kupita mpaka, na bado hajala chochote kingine. Karoti mbichi, kwa upande wake, ina kama 41 tu kwa gramu 100, na mbwa wengi huitafuna kwa furaha.

Kwa mafunzo, kipande cha ukubwa wa punje ya njegere kinatosha hata kwa mbwa mkubwa. Mbwa huhesabu mara alizopewa, si uzito. Panya buku wa shirika la APOPO mjini Morogoro, wanaonusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu, hutuzwa kwa chakula kidogo, ndizi ikiwemo, na hurudia kazi hiyo mara nyingi kwa asubuhi moja. Kama tuzo ingekuwa kubwa wangeshiba kabla ya kazi kwisha. Siku ya mafunzo mengi, chakula cha jioni hupunguzwa kwa kiasi kilekile kilichotolewa mchana.

Malighafi

Maini ndiyo kitafunio chenye mvuto kuliko vyote, kwa sababu mbwa huongozwa na pua kuliko ulimi, na harufu ya maini hukaa hata yakikauka. Lakini yana vitamini A nyingi, ambayo mwili huiweka badala ya kuitoa. Mbwa anayelishwa maini kila siku kwa wingi huweza kuumia mifupa na viungo. Vipande vichache kwa siku havina neno. Mapafu ya ng'ombe ni mbadala mzuri: mafuta yake ni kidogo, hukauka upesi na kuwa mepesi yanayovunjika kwa mkono. Firigisi na mioyo ya kuku vinafaa pia. Ngozi ya kuku na mafuta ya nyama viachwe, kwa kuwa mlo mmoja wenye mafuta mengi huweza kuwasha uvimbe wa kongosho, ugonjwa wa maumivu makali na matapishi ambao huua.

Dagaa ni hazina ya ukanda huu. Wale wa Ziwa Viktoria, wanaoitwa omena Kenya na mukene Uganda, na ndagala wa Ziwa Tanganyika wanaoliwa Burundi na Kongo, wana protini nyingi, kalisi ya mifupa yao midogo na mafuta mazuri ya samaki. Wana kasoro mbili. Wengi huanikwa chini, kwa hiyo huja na mchanga. Na wengine, hasa wa baharini, hutiwa chumvi. Waloweshwe kwenye maji ya moto kwa dakika kama kumi, wasuguliwe, maji yamwagwe, kisha warudiwe mara ya pili kama walikuwa na chumvi. Baada ya kukaushwa tena juu ya moto mdogo, dagaa mmoja ni kitafunio kamili kisichohitaji unga wala yai.

Katika mimea, vinavyofaa ni boga lililochemshwa, kiazi kitamu (chenye nyama ya rangi ya chungwa kina asili ya vitamini A kwa wingi), karoti, maharage machanga ya kijani, tango, ndizi mbivu kidogo, papai na tikiti maji bila mbegu, na embe bila kokwa. Kokwa la embe limewapeleka mbwa wengi kwenye upasuaji: hulimeza zima, likaziba utumbo.

Utayarishaji

Nyama kavu. Maini au mapafu huoshwa na kuchemshwa kwa nusu saa bila chumvi. Yakipoa hukatwa vipande vya sentimita moja, hupangwa kwenye treya bila kugusana, na kuwekwa ndani ya oveni ya nyuzi 100 za Selsiasi kwa saa 2 hadi 3, yakigeuzwa katikati. Yako tayari pale kipande kinapovunjika badala ya kupinda. Kuchemsha kwanza kusirukwe: nyama mbichi ikiwekwa kwenye joto dogo hukauka nje huku bakteria walio ndani wakibaki hai. Nyama ya kuku yapaswa ifikie nyuzi 74 ndani yake kabla ya kukaushwa.

Viazi vikavu. Viazi vitamu huchemshwa na maganda yake mpaka uma upenye kwa shida kidogo, hukatwa vipande vya nusu sentimita, na kukaushwa katika nyuzi 120 kwa saa 2 na nusu hivi. Vikitolewa mapema huwa kama mpira na mbwa hutafuna muda mrefu. Vikiachwa huwa vikavu na hudumu zaidi. Jua la Dodoma au la Turkana hufanya kazi hiyo kwa siku mbili tatu, mradi vifunikwe kwa chandarua kuzuia nzi.

Biskuti. Gramu 200 za unga wa atta na gramu 100 za unga wa mtama huchanganywa na gramu 200 za kiazi kitamu kilichopondwa, gramu 100 za maini yaliyochemshwa na kusagwa, na yai moja. Mtama pekee hushindwa kushikamana, ndiyo maana atta huongezwa. Anayetumia mtama mtupu aongeze yai la pili. Maji yaliyochemshiwa nyama huongezwa kidogokidogo mpaka donge likazike kama la chapati. Husukumwa kwa unene wa nusu sentimita, hukatwa kwa kisu vipande vidogo 150, na kuokwa katika nyuzi 170 kwa dakika 25 hadi 30. Kisha oveni huzimwa na biskuti huachwa humo zipoe polepole zikikauka. Donge zima lina takriban kilokalori 1,500, hivyo kila kipande ni kama 10, na mbwa wa kilo 10 anaweza kula sita kwa siku. Vikataji vya umbo la mfupa huwapendeza watu. Kisu hakiachi mabaki ya kusukumwa upya.

Asiye na oveni hutumia jiko la mkaa kwa namna ileile ya kuokea keki: mchanga mkavu chini ya sufuria kubwa, sufuria ndogo yenye biskuti ndani yake, mfuniko, kisha makaa machache hupaliwa juu. Moto uwe mdogo kuliko wa keki, kwa kuwa lengo ni kukausha.

Vitu vya kuepukwa

Sehemu hii ina uzito kuliko mapishi yenyewe, maana karibu vitu vyote vyenye sumu kwa mbwa vimo katika kabati la jikoni.

Vitunguu maji na vitunguu saumu, vibichi, vilivyopikwa au vya unga, huharibu chembe nyekundu za damu, na dalili, ufizi kupauka na mkojo kuwa wa rangi ya chai, huweza kuchelewa siku kadhaa. Kwa hiyo supu ya mifupa iliyoungwa, makombo ya pilau na viungo vya mchuzi vya paketi, ambavyo vingi vina unga wa kitunguu pamoja na chumvi, havifai kuwa msingi wa kitafunio. Chokoleti na kakao zina theobromini, ambayo mwili wa mbwa huiondoa polepole mno. Kakao ya unga na chokoleti nyeusi ni hatari kuliko ya maziwa. Zabibu, mbichi au kavu, huweza kuua figo, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama.

Zailitoli ni sukari mbadala iliyomo katika baadhi ya jojo, dawa za meno na siagi za karanga zinazouzwa kama zisizo na sukari. Kwa binadamu haina shida. Kwa mbwa huchochea insulini, sukari ya damu hushuka ndani ya saa moja au chini yake, na kiasi kikubwa zaidi huharibu ini. Siagi ya karanga ya kusaga nyumbani, karanga tupu zilizokaangwa bila chumvi, huondoa shaka hiyo.

Makadamia, ambayo Kenya huilima kwa wingi Murang'a, Kirinyaga, Embu na Meru, humfanya mbwa alegee miguu ya nyuma na kutetemeka. Kwa kawaida hupona ndani ya siku mbili, lakini anayekausha matunda hayo uani na awafungie mbwa. Kungumanga, ambayo wapishi wa Zanzibar huitia katika keki na vitumbua vitamu, ikizidi huleta kuchanganyikiwa na mapigo ya moyo ya kasi. Donge la mandazi lenye hamira huendelea kuumuka tumboni na kutoa pombe. Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, huvunjika kwa ncha kali.

Sumukuvu inastahili nafasi yake peke yake. Ni desturi iliyozoeleka kwamba mahindi au karanga zilizoota ukungu, zisizofaa tena kwa watu, hupewa mbwa na kuku. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaoathirika upesi zaidi, na moto wa jikoni hauiondoi sumu hiyo. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, na mwaka 2016 vifo vilitokea Dodoma na Manyara. Nafaka ya kutengenezea biskuti ya mbwa iwe ile ambayo mwenye nyumba angeisongea ugali wake mwenyewe.

Usalama wa watu wa nyumbani

Kupika nyama anayopewa mbwa kunamlinda mbwa mwenyewe, na kunawalinda zaidi wanaoishi naye. Mnyoo mdogo aitwaye Echinococcus granulosus huishi katika utumbo wa mbwa. Mayai yake yakimezwa na mbuzi, kondoo, ng'ombe, ngamia au mtu, huota vifuko vya maji ndani ya ini na mapafu, ambavyo kwa binadamu huweza kukua kufikia ukubwa wa kichwa cha mtoto na kuhitaji upasuaji. Mbwa huupata kwa kula viungo vibichi vyenye vifuko hivyo. Turkana, kaskazini mwa Kenya, imewahi kuandikwa kuwa na viwango vya ugonjwa huu vya juu kabisa duniani, na shirika la AMREF liliendesha huko mpango wa kuudhibiti tangu miaka ya 1980. Mkaguzi wa nyama machinjioni hutupa maini na mapafu yenye vifuko. Tatizo ni mnyama anayechinjwa nyumbani, ambapo viungo vilivyokataliwa huishia kwa mbwa palepale. Nusu saa ya kuchemsha iliyotajwa juu ina sababu hii nyuma yake. Kilicho na vifuko dhahiri hakifai hata kupikwa. Huchomwa moto au kufukiwa chini sana.

Bakteria wa salmonela nao hupita kutoka nyama mbichi hadi mikononi. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kutayarisha na baada ya kulisha. Katika nyumba za Waislamu wa pwani, wengi wao wa madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kati yake kwa udongo. Mbwa wa huko ni wa shamba au wa kuwinda, na vyombo vyake hukaa nje ya jiko. Ubao, kisu na sufuria vilivyotengwa kwa ajili ya mbwa ni jambo ambalo daktari wa mifugo naye angelitaka, kwa sababu zake.

Uhifadhi

Kilichokauka kabisa hukaa wiki mbili hadi tatu ndani ya kopo lililofungwa vizuri katika nyanda kavu. Pwani, ambako hewa huwa na unyevu mwaka mzima, wiki moja yatosha. Zaidi ya hapo kiwekwe friji au kigandishwe, ambako hudumu miezi mitatu au zaidi. Kifungwe kikiwa kimepoa, kwani mvuke wa kipande chenye moto hugeuka maji ndani ya kopo na kuotesha ukungu. Boga, nyama laini na biskuti zenye kiazi kingi zisizokaushwa vizuri ni za friji tu, siku nne.

Mbwa wenye mahitaji maalumu

Watoto wa mbwa huanza kupewa vitafunio wanapokula chakula kigumu vizuri, vipande laini na vichache, kwani matumbo yao huvurugika kwa kitu chochote kipya. Mwenye kisukari asipewe kiazi wala matunda matamu. Mwenye ugonjwa wa figo apunguziwe nyama kavu na dagaa. Kwa aliyewahi kuumwa kongosho hufaa tango, maharage ya kijani na minofu ya kuku isiyo na ngozi. Kiungo kipya hujaribiwa kimoja kimoja, kwa siku mbili tatu, ili mwasho wa ngozi au kuhara kukitokea chanzo kijulikane.

Mbwa akila kitu chenye sumu, desturi ya kumnywesha maziwa, mafuta ya kula au maji ya chumvi iachwe. Mafuta humwingia mapafuni anapotapika, chumvi nyingi ni sumu yenyewe, na maziwa hayazuii theobromini wala zailitoli. Apelekwe kwa daktari wa mifugo mara moja, na mabaki ya alichokula au paketi yake yachukuliwe, maana daktari huamua dawa kwa kiasi kilicholiwa na uzito wa mbwa.